Kengele Kabla ya Koleo

Busale, 3 Juni

Dada Nancy,

Salamu nyingi. Huku hatujambo. Jubilate anakimbia kutwa, mpunga umeiva na ndege wanatusumbua. Mbovu ni mimi peke yangu. Lile gego la chini kushoto, lenye tundu nililokuwa naziba kwa karafuu, limeamka. Limeamka kweli, dada. Hata ndizi iliyopondwa siwezi kutafuna, na upepo ukinipiga shavuni natamani kulia.

Simu ya humu ndani kila mtu anasikia, na sitaki watu wanisikie naongea kama nina kiazi mdomoni. Nanyi huko mpaka mpande mwambani ndipo mpate mtandao. Basi barua hii nampa kaka Lameck wa boti akishamaliza kushusha vyungu Kyela. Ukijibu, itie ndani ya chungu kama kawaida.

Utaniambia nenda ukang'oe. Najua. Sasa nisikilize. Mng'oaji mwenyewe ni baba mkwe! Yule mzee tangu astaafu serikalini amefungua chumba chake Kyela mjini, na watu wote wa upande huu wanang'olewa na yeye. Na mila za hapa unazijua: mke wa mwana na baba mkwe hawaonani uso. Tangu Gwamaka anioe sijawahi kuuona uso wa baba yake. Namjua kwa kikohozi, kwa makatambuga yake ya tairi na kwa kengele ya baiskeli. Akifika konani anapiga, kri, kri, nami natupa nilichoshika, naingia migombani nachuchumaa mpaka apite. Jina lake silitaji. Mama mkwe ananisifu mbele za watu, kwamba binti wa Kikisi kutoka ziwani nimeshika heshima kuliko mabinti wao waliosoma Mbeya.

Basi mtu kama huyo nimpanulie mdomo? Nimwonyeshe ulimi? Haiwezekani. Nitaaibisha ukoo mzima.

Kwa hiyo naomba ile mizizi aliyokuwa nayo marehemu mama. Tafadhali sana.

Mdogo wako,
Neli


Ikombe, 7 Juni

Neli mdogo wangu,

Mizizi ya mama ilikuwa ya kuharisha. Ukiitaka nitakutumia, lakini utakuwa na shida mbili badala ya moja.

Hebu niambie, hospitali ya wilaya wameifunga? Mbeya watu hawana meno? Kama mkwe ni mkwe, panda gari nenda kwa mtu ambaye si mkwe. Mbona hili hukulifikiria, wewe ambaye ukitaka kitenge cha bei rahisi unajua duka mpaka Tunduma?

Nakujua, Neli. Ulipokuwa mdogo ukipata mwiba ulikuwa unauficha mguu chini ya gauni, unachechemea siku nzima unasema unacheza. Suuza maji ya chumvi yenye uvuguvugu, halafu nenda. Usije ukaniandikia tena habari za heshima. Heshima haitoi usaha.

Dada yako,
Nancy


Busale, 10 Juni

Dada Nancy,

Umekuwa mkali bure. Hospitali ya wilaya nimeifikiria. Wale vijana wa meno amewafundisha yeye, wote. Nikienda kwao jioni yake atasikia kwamba mkamwana wake amemkwepa, ataona naidharau kazi yake. Mbeya ni mbali na mpunga utaliwa na ndege. Gwamaka peke yake hawezi, anarusha mawe anapiga migomba.

Halafu jino limepoa. Kweli kabisa, limepoa. Mama mkwe amenipa vidonge, nimemeza, na uvimbe umeshuka. Kijiko tu ndicho bado hakiingii, nakunywa uji kwa mrija. Jubilate anadhani ni mchezo, naye anataka mrija.

Usiwe na wasiwasi.

Neli


Kyela Mjini, 13 Juni

Mkamwana wangu,

YAH: JINO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Barua hii anakuletea mama yako, mke wangu. Nimemwambia asiifungue. Ataifungua, kwa hiyo namsalimu.

Sijakuona, lakini nimekusikia. Ulikuwa ukiimba ukipepeta mpunga, sasa huimbi. Jumapili nilipopiga kengele konani hukukimbia kama kawaida yako. Nilisikia ukienda taratibu, ukishika mgomba mmoja hadi mwingine. Na mama yako ananiambia habari ya mrija. Mtu ambaye mdomo wake haupitishi vidole viwili hasubiri mavuno. Uvimbe wa gego la chini huteremka. Ukifika shingoni hufunga koo, na koo likifunga hatuna la kufanya hapa Kyela. Nasema wazi kwa sababu nimewaona watu hao, na niliwahi kuwavua viatu wakiwa maiti.

Nadhani ninajua kinachokuzuia. Ni heshima, nami heshima hiyo siivunji. Marehemu baba yangu alizikwa bila kuuona uso wa mama yake Gwamaka, na sitaki kuwa wa kwanza katika ukoo. Hivyo nimefikiri. Ninacho kitambaa cha kijani cha chumba cha upasuaji, chenye tundu moja katikati. Muuguzi Elizabeth atakulaza na kukufunika uso wote, na kwenye tundu litabaki jino. Ukishafunikwa ndipo nitaingia. Nitavaa barakoa na miwani, na sitasema neno hata moja. Wa kuongea ni Elizabeth. Mimi nitaona jino, na jino halina ukoo.

Kwa kuwa hutaniona wala kunisikia, sitaki ushtuke. Nimeifungua kengele ya baiskeli nikaiweka mezani kando ya vifaa. Sitagusa chochote kinywani mwako kabla sijaipiga. Sindano ya ganzi, kengele kwanza. Koleo, kengele kwanza.

Vile vidonge ni vyangu. Vinapunguza uvimbe, havitoi mzizi. Maliza dozi hata kama unajiona umepona.

Mikono hii imeng'oa meno ya wachungaji na ya wanajeshi, lakini kwa mke wa mwanangu haijawahi kufika. Tangu jana siwezi kushika kikombe cha chai bila kumwaga. Sijui kama hilo litakufariji au litakutisha zaidi, ila ndivyo ilivyo.

Ndaga fijo, asante sana,
Ambilikile, baba yake Gwamaka


Busale, 14 Juni

Dada Nancy,

Nimekwisha. Mzee ameniandikia barua, ameweka na YAH juu kama serikalini. Atanifunika kitambaa, atanyamaza kimya, hatanitazama. Amefikiria kila kitu, dada! Kila nilipotaka kupita amefika kabla yangu. Ameniondolea mahali pa kujificha.

Sasa nakwambia ukweli, maana uongo umeniishia. Si mila. Mila ilinifaa tu. Nilikuwa nikisema "ni baba mkwe" na kila mtu anatikisa kichwa, ananihurumia, ananisifu, hakuna anayeuliza zaidi. Naogopa. Naogopa kile kiti, naogopa sindano, naogopa lile koleo linavyogonga sinia. Na kitambaa ndicho kimenimaliza. Kunifunika uso nimelala chali! Ndivyo walivyomfunika baba.

Wewe ulikuwa mkubwa, labda umesahau. Mimi sijasahau. Nilikuwa nimesimama kwenye mchanga, boti ikafika, baba yuko ndani amefunikwa shuka, miguu tu ndiyo inaonekana. Asubuhi alikuwa amekwenda kung'oa jino. Mama alilia akisema wamemuua kwa jino, wamemuua Ezekia kwa jino, na alisema hivyo mpaka naye akafa. Sasa nami niende kwa miguu yangu nikalale chini ya kitambaa, halafu kengele ilie?

Uvimbe umerudi. Umerudi mkubwa kuliko mwanzo, na chini ya taya pamekuwa pagumu. Mate yananipa kazi kumeza. Nimejifunga kanga kichwani na shavuni, Gwamaka nimemwambia ni mafindofindo. Ameamini. Ananiletea tangawizi, maskini.

Usimwambie Lameck. Niombee.

Neli


Ikombe, Jumamosi 15 Juni

Neli,

Naandika haraka. Soko linaanza na Lameck ameshawasha injini, ananipigia kelele. Barua yako nimeisoma nimesimama ndani ya maji.

Hakuna aliyemuua baba. Nilidhani unajua. Miaka yote hii nilidhani mama alikwambia ulipokua.

Mimi ndiye niliyempeleka hospitali. Tulifika, tukakaa kwenye benchi, jina lake likaitwa. Akasimama, akafika mlangoni, akakiona kiti. Akasema anakwenda kujisaidia. Nilingoja nikachoka, nikamtafuta, nikamkuta ufukweni amekaa kwenye boti anatazama maji. Nikamwambia turudi, akaniambia jino limepoa. Hivyohivyo, Neli, kama ulivyoniandikia wewe: limepoa. Shati lilikuwa halifungiki shingoni. Tulipofika katikati ya safari alianza kutafuta pumzi na hakuipata. Hakuna mtu aliyemgusa. Hakuna koleo, hakuna sindano. Jino lile alizikwa nalo.

Mama hakutaka watu wa kijiji waseme Ezekia amekufa akimkimbia mng'oa meno. Ndiyo maana akasema wamemuua. Watu wakaamini, na wewe ukaamini.

Unaniandikia mate hayamezeki. Baba naye alikuwa anatema mate kwenye leso. Samahani kwa mwandiko. Boti imejaa vyungu, hakuna hata pa kuweka mguu, nitakuja na ya wiki ijayo. Lakini usinisubiri! Nenda ukiwa unaogopa. Nenda unalia, nenda umebebwa, nenda umefunikwa gunia. Nikija nikakuta kaburi sitalia, nitalitukana mbele ya wakwe zako wote.

Nancy


Busale, 17 Juni

Baba,

Shikamoo. Nakuja kesho asubuhi pamoja na Mama. Naandika kwa sababu mdomo haufunguki.

Si heshima tu inayonizuia, Baba. Naogopa. Naogopa sana, na baba yangu mzazi alikuwa hivyohivyo, akakimbia. Naomba nisilione koleo. Na nikikuomba uniache niondoke, naomba usiniache.

Neli, mama Jubilate


Busale, 22 Juni

Dada Nancy,

Niko hai. Soma hapo kwanza, upumue, halafu uendelee.

Jumanne mzee hakunigusa. Muuguzi wake, Elizabeth, alinichoma sindano za kushusha uvimbe, akaniambia ningechelewa kidogo tu angenipakia kwenye gari la Mbeya. Ni mama wa makamo, mnene, anaongea na wagonjwa kama anaongea na mbuzi. Tukalala mjini kwa shangazi yake Gwamaka. Gwamaka mwenyewe alipojua si mafindofindo aliuliza tangawizi yote ile nilikuwa naipeleka wapi. Nilikuwa naimwaga.

Alhamisi mdomo ukakubali. Elizabeth akanilaza, akaniziba na kile kitambaa. Dada, chini ya kitambaa ni kijani kitupu na pumzi yako mwenyewe inakurudia usoni. Moyo ulikuwa unapiga mpaka kwenye jino. Nikasikia makatambuga yanaingia. Ndiye. Hakukohoa hata, alijibana. Nikasikia vyuma vinagusana kwenye sinia, jasho likanitoka mpaka nyayoni. Nikawa najiambia, baba alikimbia, mimi sikimbii, mimi sikimbii, mimi sikimbii.

Ndipo mzee akapiga kengele. Kri, kri.

Jamani! Miguu yangu haikuniuliza. Tangu niingie ukoo huu kengele ile ikilia mimi nakimbia. Wamenifundisha wenyewe! Nilishtukia niko mlangoni, kitambaa kiko sakafuni, na kanga yangu imebaki mkononi mwa Elizabeth. Nje niliiona barabara, niliiona baiskeli yake imeegemezwa haina kengele, na mama mmoja anauza karanga. Mlango ulikuwa wazi. Ilikuwa kunyanyua mguu tu. Ningefika nyumbani, Nancy, najua ningefika, ningesema jino limepoa, na leo ungekuwa unanitukania kaburi.

Nikasikiliza nyuma yangu. Hakuna anayeniita, hakuna anayenishika. Nikageuka.

Mzee alikuwa amechuchumaa kwenye kona ya chumba, uso ukutani, koti lake jeupe amelivuta mpaka kichwani. Vilevile ninavyochuchumaa mimi migombani! Nilichokiona ni visigino na mikono tu. Alikuwa ameshika ukuta na mikono ilikuwa inatetemeka. Mzee mzima yule, daktari wa watu, amenipisha mimi njia. Siku zote mimi ndiye ninayempisha yeye.

Sijui nikwambieje. Nilicheka na kulia pamoja, na taya linauma. Nikaona kwamba hata yeye anaogopa, na ameingia chumbani hivyohivyo. Usije ukawaambia watu huko kwamba Neli aliacha kuogopa, maana sikuacha. Nilirudi kwenye kiti. Nikakiokota kitambaa. Elizabeth akaninyang'anya, akasema hicho kimeshagusa chini, akatoa kingine. Nikajilaza, nikamwambia mwambie apige.

Akapiga. Nikashika kiti kwa mikono miwili. Sindano ikaingia, ikauma, nikapiga kelele na Elizabeth akasema piga tu, paa ni la bati. Baadaye mdomo ukawa kama si wangu. Akapiga tena kengele. Nilisikia kitu kinalia ndani ya kichwa, krakra, kama unang'oa muhogo kwenye ardhi kavu, lakini maumivu hayakuja. Nikawa nayangoja. Nikawa nangoja na kengele nyingine, maana nilijua bado, kubwa linakuja.

Elizabeth akafunua kitambaa. Chumba kilikuwa hakina mtu mwingine.

Nikamuuliza, kwa mdomo ule uliolala, mbona hapigi?

Akasema, apigie nini tena, limeshatoka.

Nililia, dada. Nililia kwa ajili ya baba. Lilikuwa jambo dogo hivyo. Alikuwa ameshafika mpaka mlangoni.

Jino nimelifunga kwenye pamba, Lameck atakupa. Usije huku wiki hii, nimepona, nakula uji kwa kijiko. Nenda kaburini kwa baba ukalifukie pale kichwani pake. Mwambie langu limetoka.

Mdogo wako,
Neli


Kyela Mjini, 26 Juni

Mkamwana wangu,

YAH: KENGELE

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mama yako ananiambia unakula na umeanza tena kuimba, ingawa wimbo ni uleule wa mwaka jana. Endelea kusuuza kwa maji ya chumvi. Usinyonye mrija tena hata Jubilate akikubembeleza, utavuta kidonda.

Uliniomba nisikuache uondoke. Ombi hilo lilinishinda, na nilikuwa nimeshajua litanishinda nilipolisoma. Mkono wa mke wa mwanangu siwezi kuukamata. Kumwita siwezi. Ulipofika mlangoni nilichoruhusiwa kufanya ni kimoja tu, kukupisha, nikakifanya. Sijawahi kuogopa namna ile tangu nianze kazi. Nilikuwa nahesabu matofali ya ukuta nikisikiliza kama miguu yako inakwenda au inarudi. Kumbe kule migombani ndivyo mnavyokaa. Sikujua kwamba mtu akichuchumaa hivyo magoti yanauma kiasi kile.

Kengele nimeirudisha kwenye baiskeli. Jumapili baada ya ibada nitapita konani na nitaipiga kama kawaida, lakini usitupe ungo wala usikimbie, kidonda bado kibichi. Nitashuka, nitaingia migombani mimi.

Ukishapita, kohoa.

Ambilikile, baba yake Gwamaka